Mcheki Aliyevaa Suti

Jamani, mkasa huu wenzangu mnaujua nusu nusu na kila mmoja ana nusu yake, basi bora niwape wote mwenyewe, ingawa aibu yake haijanitoka na hata leo nikipita Kibokoni nashusha kofia mpaka kwenye nyusi.

Nilikuwa namtaka Rukia, na babake, Mzee Athmani, fundi cherehani mstaafu, ana ugonjwa mmoja tu duniani nao ni tenisi. Kila alasiri barazani kwake Kibokoni ni tenisi. Mimi sikujua chochote (mpaka leo sielewi kwa nini pointi moja tu huhesabiwa kumi na tano), basi nikaingiza kwenye simu podikasti moja ya wataalamu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuanza kitabu ukurasa wa kwanza, nikabonyeza kipindi cha kwanza kabisa wala sikutazama tarehe. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kila siku nikitoka kazini Liwatoni natembea na waya masikioni, wataalamu wanachambua mechi ya jana, nami nikifika barazani nayamwaga yote: yule Mcheki mrefu, mchezaji wa kutoka nchi ya Ucheki, goti limepona, pigo lake la mkono wa nyuma limerudi, kombe la mwaka huu ni lake. Mzee ananitazama, kisha anatazama kikombe chake cha kahawa. Siku moja akaniuliza taratibu, "Huyo Mcheki, wewe wamuona akicheza?" Ningesema nimesikia tu, mambo yangeishia hapo. Nikasema nimemuona jana kwa macho yangu mawili. Wenzake wa barazani wakatazamana, nami sikuelewa kitu, nikadhani nimewazidi elimu.

Posa ikapelekwa siku ya fainali. Kwetu mposaji hubaki nyumbani, wazee ndio huenda, lakini Mzee aliagiza nami nije ili baada ya mazungumzo tutazame mchezo pamoja (nikajiona mkwe tayari). Ami yangu Salim akasema maneno yake mazuri, halwa ikazunguka, tivi ikawashwa. Wakaingia uwanjani wachezaji wawili nisiowajua hata kwa majina. Nikachanganyikiwa. Nikangoja Mcheki wangu, na kweli akaonekana, jina lake limeandikwa chini ya picha, amekaa kitini, amevaa suti, ana kipaza sauti mkononi.

"Mbona huyu hajabadilisha nguo," nikasema, "na mechi yaanza?"

Chumba kizima kikanigeukia. Ami akanikanyaga mguu.

"Huyo ameacha kucheza mwaka wa tatu huu," Mzee akasema. "Ni lile goti. Sasa yuwatangaza tu."

Nikatoa simu, nikatazama tarehe kwa mara ya kwanza. Vipindi vyangu vyote vilikuwa vya miaka minne nyuma.

Nilingoja anikasirikie, hakukasirika. "Mwanangu," akasema, "wiki mbili silali vizuri. Nakumbuka siku alipoaga, nakumbuka mpaka machozi yake, halafu waja wewe waniambia umemuona jana. Nikasema basi, akili ndiyo hiyo yaniacha. Nilimuuliza hata Rukia kama nimeanza kusahau mambo nyumbani."

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, kwa sababu ile ya kuchekwa nimeizoea. Mzee wa watu alikuwa ameniamini mimi kuliko kichwa chake mwenyewe.

Posa hakuikataa wala hakuikubali. Alimwambia ami jambo hili lingoje, kwanza kijana ajifunze kusema sijui.

Podikasti nimeifuta. Kila Jumamosi naenda kukaa kando yake mbele ya tivi, ananiuliza nani atashinda, nasema sijui, ananisogezea kahawa. Na nimekula yamini sitadai tena kuona nisichokiona. Tabu ni Rukia, ananiuliza kila siku babake atatoa jibu lini, natamani nimtajie hata mwezi tu, lakini yamini ni yamini.

Namwambia sijui.