Mama Marsiana na Milima ya Watu

Mwaka 1995 nilishuka Ngara na cheti cha kompyuta mkononi na kiburi cha Kihaya kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shirika lililowatafutia watoto wakimbizi wazazi wao liliniajiri niingize majina yao kwenye mashine. Meza yangu ilitazamana na ya Mama Marsiana, Mhangaza wa Kanazi, mwenyeji wa hapo hapo Ngara, mjane wa miaka hamsini na ushee, ambaye mwaka mzima alikuwa akiandika kadi za watoto kwa mkono na kuzipanga kwenye masanduku ya mbao.

Mkuu wetu, Bwana Ansbert, alikwisha kumwambia: kadi zikiisha kuingizwa, mkataba wake unaishia hapo. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha wanawe wawili.

Sikumwonea huruma, nisiseme uongo. Nilimwona mtu wa zamani. Asubuhi nikimwamkia, ananitania, "Marahaba, Jovitha. Hiyo televisheni yako imeamkaje?"

Wiki ya tatu akaja Francisca, Mrundi kutoka kambini. Alipotezana na wanawe wawili, Irakoze na Bukuru, siku walipokimbia. Nikaandika jina la mumewe, Ntakirutimana, kwenye nafasi ya ukoo, nikabonyeza. Hakuna. Irakoze walikuwa sitini na wanne, hakuna hata mmoja mwenye ukoo huo, basi nikaona hawamhusu.

"Mama, watoto wako hawapo," nikasema.

Alikaa sakafuni. Hakulia, na hilo lilinitisha zaidi.

Mama Marsiana akachuchumaa mbele yake, akasema naye Kihangaza, maana kinasikilizana na Kirundi. Alimuuliza mlima wa kwao, maana Burundi mtu hutajwa kwa mlima anaoishi kama sisi kwa kijiji, na jina la bibi wa watoto. Kisha akachambua sanduku la mlima huo, akatoa kadi mbili. Irakoze, miaka tisa. Bukuru, miaka sita. Walikuwa hai, kwenye kituo cha watoto kilichokuwa kilomita nane tu kutoka alikolala mama yao.

"Huko kwao kila mtoto ana jina lake," Mama Marsiana aliniambia, Francisca alipokwisha kupelekwa huko kwa gari. "Baba ana lake, kaka ana lake. Ukoo utautafuta mpaka kiama. Uliza mlima."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwomba anifundishe jinsi alivyozipanga kadi zote, niziweke hivyo kwenye mashine. Maneno yalikwisha kutoka ndipo nikaelewa ninaomba nini. Akinipa hayo, hana tena cha kumweka ofisini. Yeye alielewa kabla yangu. Alifuta meza isiyo na vumbi.

"Vuta kiti, mwanangu," akasema. "Watoto hawawezi kungoja mkataba wangu."

Siku nne alinitajia milima, nami nikaandika. Siku ya tano nikaingia kwa Bwana Ansbert. Nilimwambia mashine sasa inajua pa kutafuta, ila haijui kuuliza, na mimi Kihangaza sijui hata salamu. Nikamweleza pia nilichomwambia Francisca, kwamba watoto wake hawapo. Nikamwomba Mama Marsiana abaki.

"Huyo mama ataweza kompyuta?" akauliza.

"Nitamfundisha mimi."

Mkataba ukaongezwa mwaka mmoja. Jumatatu Mama Marsiana alikaa kwenye kiti changu, akibonyeza herufi moja moja, akiogopa kufuta dunia. Kufikia Ijumaa alikuwa amewapata watoto saba. Kazi yangu ilikuwa kutoka nje kuwaita wazazi wao waliokuwa wakingoja uani, na nilikwenda mbio.