Kazi ya Marehemu Huoni

Fundi mmoja, sasa marehemu, kila alipomaliza kuziba mbao iliyoliwa na mchwa, alimvuta mwenye nyumba karibu na kumwuliza, "Unaona kitu?" Mtu akodoe macho weee, haoni kiraka wala mshono. Ndivyo alivyopata jina la Fundi Huoni, na ndilo alilozikwa nalo. Katika nyumba kongwe za mtaa ule ni vigumu kupata mlango wa nakshi ambao hakuutia mkono.

Mdogo wake alirithi vifaa, pamoja na kazi ya kutunza nyumba moja ya ghorofa ambayo wenyewe wanaishi mbali. Naye ni fundi mzuri, ila kiraka chake ukikitafuta utakiona. Kila anapoziba hupigilia kijiti cha mti mweupe, ili fundi atakayekuja baadaye ajue pa kutopaamini. Kaka alimcheka kwa hilo maisha yake yote. "Wewe unatangaza kidonda," alimwambia. Yeye mwenyewe hakuacha alama hata moja.

Sasa mdogo mtu alisimama chini ya roshani akizitazama boriti tatu zilizoibeba. Zilipendeza, na hilo ndilo lililomtisha. Tangu mvua zikatike, kila asubuhi alikuta unga wa mbao mlangoni, laini kama poda ya mtoto. Anafagia, kesho upo. Wiki hii mlango wa kutokea roshani ulianza kugoma kufunga. Aligonga boriti kwa konzi, moja baada ya nyingine, zikamjibu sawasawa, kavu na nzito. Kaka alishindilia gundi na unga wa mbao hadi sikio la fundi likadanganyika. Ipi ilikuwa mti na ipi ngozi tupu? Hakuna njia ya kujua ila kuzifungua.

Na juu ya boriti hizo ndipo alipokaa shemeji yake, mjane wa Huoni aliyebaki kuishi humo ghorofani, kila alasiri, na kikombe chake cha chai. Mama huyo alimlisha miaka yote alipokuwa akijifunza kazi kwa kaka. Hofu ya kumpoteza ilimnyima usingizi.

"Shemeji, hamia chumba cha nyuma siku mbili tatu," alimwambia asubuhi hiyo. "Nataka kufungua boriti. Naona zimeoza."

"Unaona?" Mjane aliweka kikombe chini. "Kaka yako yuko hai hukuona kitu. Leo amelala, ndio macho yamefunguka?"

"Simsemi vibaya."

"Unamsema. Ukizifungua, kila anayepita hapo chini atasema Huoni alikuwa tapeli. Mwachie jina lake, shemeji. Hakuniachia kingine."

Alasiri fundi alingoja mpaka akasikia mlango wa chumba cha mjane ukifungwa. Magogo ya kuegemezea roshani yalikuwa bado yamelala uani, maana alitaka kwanza ajue aanzie wapi. Akapanda ngazi, akaweka ncha ya patasi kwenye boriti ya kati. Hapo mbao za juu zikalia, kiti kikaburutwa.

"Haya, chonga," sauti ya mjane ilishuka kati ya mbao. "Nimekaa hapa hapa. Kazi ya mume wangu naijua."

Nyundo ilikuwa bado kiunoni. Aliisukuma patasi kwa kiganja tu, kwa mshtuko wa kusikia sauti hiyo, nayo ikazama hadi kwenye mpini. Unga ukamtiririkia mkononi. Ndani ya boriti kitu kikaalika, mara moja, kikanyamaza. Aliogopa kuichomoa.

"Shemeji," alisema taratibu, "nyanyuka polepole, urudi ndani."

"Kuna nini?"

"Nakuomba, shemeji."

"Nakuuliza. Unaona kitu?"

"Naona."

Akamsikia akishusha pumzi.

"Hebu nione mwenyewe," mjane akasema, na kiti kikaburutwa kuelekea ukingoni.