Tisa na Saba Mbele ya Dada

Dada yangu alijifunza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, alipokuwa mpishi wa hoteli moja Dar es Salaam, akaja kunifundisha nyumbani kwetu Kitete. Tulichezea maharage. Kabla ya kugawa karata, mmoja anaweka punje moja na mwingine mbili, bila kuona chochote. Tuliliita dau la gizani. Na dau lilikuwa na kikomo. Ukipandisha, unapandisha punje mbili tu. Huwezi kumwaga bakuli zima ili umtishe mwenzako.

Mchana mmoja tulicheza huku daktari akisubiri jibu la dada. Uvimbe wa shingoni ulikuwa umeanza kumbana pumzi. Akilala chali, anakoroma kama anayekabwa. Daktari alitaka kumpasua kesho yake, ila alimwambia wazi kwamba huenda sauti ikapotea. Na dada alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa tangu usichana wake. Alitakiwa apige simu kabla ya jioni. Badala yake akatoa karata.

"Gawa, mdogo wangu."

Zamu ile punje mbili za gizani zilikuwa zangu. Nikainua karata zangu mbili: tisa ya kopa, saba ya shupaza. Karata za kutupa, au karibu na kutupa. Dada akapandisha hapohapo. Kama si zile punje zangu zilizokwishalala mezani, ningeacha. Nikafuata, nikalipa alichopandisha.

Zikafunuliwa tatu za katikati, za kutumiwa na wote wawili: malkia, tisa, nne. Nimepata jozi ya tisa, lakini akiwa na malkia nimekwisha. Akaweka dau, nikafuata. Karata ya nne ikawa mbili. Akaweka tena, haniangalii mimi, anaangalia simu. Ya mwisho ikawa mfalme. Akaweka.

"Acha," akasema, sauti ikikwaruza. "Unajua umeshindwa."

"Sijui, dada. Nafuata."

Akafunua ree na kumi. Hakuwa na hata jozi.

Nilidhani atacheka. Alizikusanya karata, kisha machozi yakamtoka.

"Naogopa. Nikiamka sina sauti, kanisani nitakaa wapi?"

"Utakaa na mimi."

"Kule nyuma mnakosinzia?"

"Hukohuko."

Akafuta uso kwa upande wa khanga, akachukua simu, akatoka uani. Nilimsikia akisema, "Shikamoo daktari. Nitakuja."

Kesho yake nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, nikisimama kila mlango ulipofunguka. Walipomtoa nikamwita. Midomo ilicheza, neno halikutoka. Siku iliyofuata vilevile. Nikawa natoka nje asiuone uso wangu.

Ndipo asubuhi moja muuguzi akamletea uji, nami nikasikia sauti nzito, kama ya mtu mwingine kabisa: "Mbona hauna sukari?"

Sauti ya kwanza haikurudi. Mwalimu wa kwaya alimhamishia sauti ya pili, na dada akanuna wiki nzima.