Honi Iliyowasalimia Watu

Miaka ya sabini nilikuwa na pikapu kuukuu, na uchumba wangu Kibondo ulikuwa umening'inia kwenye honi yake. Honi ilikuwa imekufa, nami nikawa nawapita watu barabarani kimya. Baba wa binti akanitumia neno: "Asiyesalimia watu hatumpi mtoto."

Fundi wa Kasulu alifungua katikati ya usukani, akachomeka kipande cha bati la kopo la maziwa. "Bonyeza, bwana." Piiii! Nilimkumbatia na grisi zake zote.

Kona ya kwanza tu, kumbe kila nikikata kulia honi inalia yenyewe! Nami niliyejisifu kuendesha hadi Mombasa, sikujua hata waya wa kung'oa. Kina mama walitua mizigo ya muhogo, wakainama, wakapiga makofi kwa salamu ya Kiha: "Mwakeye!" Nikaitikia "Mwakeye!" kona baada ya kona, mpaka koo likanikauka.

Kibondo nilimkuta mzee uani, anapiga makofi. "Karibu, mwanangu! Tumekusikia tangu kule mlimani. Leo hukumruka mtu."

Niliporudi Kasulu, fundi aligundua kosa lake, akashika bisibisi.

"Thubutu!" nikamwambia. "Iache hivyo hivyo mpaka harusi ipite."