Kabati la Desturi

Nakumbuka siku moja nikiwa msichana wa shule ya misheni huku Mbozi, enzi za Mwingereza, mwalimu wetu aliniambia nichore waridi. Waridi lenyewe nilikuwa sijawahi kuliona. Mimi nimezaliwa Ivuna, kwenye joto na chumvi, na marehemu mama yangu ndiye aliyefinyanga vyungu vya kuchemshia chumvi hiyo. Chungu kikiwa bado kibichi alikizungushia shingoni kamba aliyoisokota mwenyewe, akaikandamiza, ikaacha mistari iliyopishana. Kwa mistari hiyo watu walijua chungu ni chake hata wakikikuta Tunduma.

Basi, mwanangu, tulipewa kazi ya kudarizi kitambaa cha meza ya Bwana kwa ajili ya kanisa jipya, kila msichana na sehemu yake ya pindo. Badala ya waridi, nilitaka yangu iwe na mistari ya mama. Vyungu vyake vilikuwa vinapasuka kimoja kimoja, na hapakuwa na wa kuvifinyanga tena. Kama ningeikosa nafasi ile, kazi ya mikono yake ingepotea kabisa.

Mwalimu wetu huyo, Yotamu, ambaye pia alitunza maktaba, alikuwa na sheria yake: mchoro usiotoka kitabuni haupokelewi. Maktaba ilikuwa chumba chenye makabati, kila kabati na kibao chake. Nikaenda kwenye kabati la Sanaa, nikafungua kitabu baada ya kitabu, nikaona zabibu, malaika wanene na maua ya kwao Wazungu. Cha kwetu hakuna. Nikamweleza Mwalimu ninachotafuta, naye hakuinua hata macho.

"Tabita, hiyo si sanaa. Hiyo ni desturi."

Iliniuma, sikufichi. Wenzangu wakaniambia nikubali yaishe, lakini neno lake halikunitoka kichwani. Kama ni desturi, si kuna kabati la Desturi? Lilikuwa pembeni, kati ya Wadudu na Magonjwa, vumbi tele. Humo nikakuta kitabu cha Mzungu aliyewahi kupita bonde letu la Rukwa, na ndani yake picha ya chungu cha chumvi chenye mistari ya mama yangu. Jina lake halikuwapo. Waliandika tu "chungu cha wenyeji". Nililia, kisha nikakasirika, nikaenda nacho mezani kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ulitaka kitabu, hiki hapa."

"Mbona hiki ni cha Desturi?"

Nikakichukua, nikavuka chumba, nikakipachika kwenye kabati la Sanaa.

"Sasa ni cha Sanaa, Mwalimu."

Nilifukuzwa maktaba. Kesho yake kitabu kilikuwa kimerudi kwa wadudu. Nikaingia na wasichana wa zamu ya usafi, nikakihamisha. Akarudisha, nikahamisha. Nilichapwa, nikalimishwa bustani ya shule peke yangu, nikahamisha tena. Mwishowe alichoka yeye, akasema kitabu kipo, mchoro upokelewe.

Siku ya kufungua kanisa walipanda kutoka bondeni kina mama wa Ivuna na chumvi yao ya sadaka. Mama mdogo akasogea mezani, akalipapasa pindo langu taratibu. Hakuuliza nani ameshona.

"Nani kamleta dada yangu hapa?" akasema.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kazi za mikono ya watu wako, ukiambiwa hazimo maktabani, usiondoke. Uliza waliziita nini. Tafuta kwenye desturi, tafuta kwenye safari za wageni, tafuta hata kwa wadudu. Ukizipata, andika jina la aliyezifanya, halafu zihamishie panapostahili. Watazirudisha, nawe hamisha tena. Waliniita mkaidi. Ndiyo, na hadi leo ni mkaidi.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu isiyochoka kukivuka chumba kile. Na utakapoandika habari za chungu kile, usiandike "cha wenyeji". Mama yangu aliitwa Nakamba.