Kiboya cha Clem Wheatcroft

Wapo watu mjini kwetu wanaopenda kusema kwamba Mto Trent, hapa Uingereza, umetakata siku hizi. Haya, umetakata. Maji yanang'aa hadi unaona mawe chini, ndege wamerudi, na wageni wanakuja na mbwa wao kupiga picha. Lakini kamuulize Clem Wheatcroft, atakuambia kwamba mto ulipokuwa mchafu ndipo ulipokuwa na watu.

Enzi hizo mitambo ya umeme ilikuwa inatema maji ya moto mtoni. Januari, bustani zote zimeganda, mto ulikuwa unafuka mvuke kama sufuria ya supu, na samaki wanakula mwaka mzima bila habari ya baridi. Klabu ya wavuvi ya kiwanda cha mabomba ilikodi mabasi matatu kila Jumapili na bado watu wakagombea viti. Wanaume walioshinda wiki nzima mbele ya chuma kilichoyeyuka, masikio yamekufa ganzi kwa makelele, waliteremka ukingoni, kila mmoja akaenda kwenye kigingi kilichoonyesha mahali pake pa kuvua, wakakaa kimya utadhani wako kanisani. Na kanisani kwenyewe hawakuwa wanakwenda, Mungu awasamehe.

Clem alizaliwa nyuma ya ukuta wa kiwanda hicho. Baba yake alikuwa mmiminaji wa chuma, naye akawa mmiminaji wa chuma. Hakuna aliyemuuliza anataka kuwa nini, na yeye mwenyewe hakujiuliza. Alimwoa Beryl wa kantini, binti mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi kwenye unga. Wiki ya kwanza ya ndoa yao Beryl alifungua friji kutafuta siagi, akakuta kopo la funza hai, weupe kwa wekundu, wanafurukuta kando ya maziwa.

"Clem," akaita, "hawa ni wa nani?"

"Wa Jumapili."

"Nimeuliza ni wa nani, sikuuliza ni wa lini."

"Wakipata joto watageuka nzi, mke wangu. Wakishageuka nzi nitavua na nini?"

Beryl akalifunga friji. Tangu siku hiyo rafu ya chini ikawa ya funza, ya juu ikawa ya binadamu, na ndoa ikaenda.

Sasa, huwezi kumsimulia Clem ukamwacha Sid Oldknow. Sid alikuwa mkaguzi pale pale kiwandani, mtu wa kukataa bomba zima kwa ufa mwembamba kama unywele, na kwenye klabu akawa mkaguzi vilevile. Kanuni ya klabu ilisema kwamba mvuvi akisaidiwa kwa namna yoyote wakati wa mashindano ya Jumapili, samaki wake hawapimwi uzito, na uzito ndio ushindi. Mwaka mmoja mkwe wa Sid aliteleza kwenye tope, jirani akamdakia ufito wake wa kuvulia usichukuliwe na maji. Sid akamfuta mkwe wake mashindanoni siku ile ile, mbele za watu. Binti yake alinuna hadi Krismasi ikapita. "Kanuni haina mkwe," Sid alisema, akaendelea kula sandwichi yake ya nyama.

Yeye na Clem hawakuwahi kutembeleana nyumbani hata mara moja. Urafiki wao, kama ni urafiki, ulikuwa ni wa kutukanana ukingoni.

"Clem, hao samaki umewavua au umewatoa kwenye chupa ya dawa?"

"Afadhali wangu wadogo. Wako walikufa kwa uzee kabla hujawagusa."

Ndivyo walivyoishi, miaka nenda miaka rudi. Wakati mwingine Clem alikuwa akilala kitandani anatunga tusi la Jumapili, anacheka peke yake gizani, Beryl anampiga kiwiko.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mabasi matatu yakawa mawili, mawili yakawa moja, halafu watu wakaanza kujibana kwenye magari yao. Minara ya kupozea maji ya mitambo ya umeme ililipuliwa ikaanguka, mji mzima ukatoka kutazama na kupiga makofi, sijui walikuwa wanashangilia nini. Clem alibaki jikoni na redio yake. Mto ukapoa. Wenzake wakaanza kwenda mmoja mmoja, huyu mapafu, yule moyo, na kila mazishi yalipunguza kigingi. Pale walipokuwa wanamimina chuma pakajengwa duka la makochi. Waliobaki wakikumbuka sauti ya chuma kikimiminwa walikuwa ni wale wachache wa Jumapili, na Clem alijua, bila kumwambia mtu, kwamba akiukosa ukingo ule atakuwa mzee mmoja tu anayesubiri chai.

Basi ndipo macho yalipoanza kumwacha.

Ilikuwa mwezi wa sita, msimu ulipofunguliwa. Katikati ya kila kitu alichokitazama palianza kuliwa na doa la kijivu. Akimtazama Beryl anaona nywele, anaona masikio, uso hauoni. Daktari alimwambia pembeni pataendelea kuona, lakini katikati hapatarudi. Na mvuvi wa mto wetu anaishi kwa kitu kimoja, ile ncha nyekundu ya kiboya kinachoelea juu ya maji kwenye mshipi wake, haizidi punje ya harage. Ikizama, unavuta ufito. Usipoiona, umekaa tu unalowa. Mashindano mawili mfululizo Clem alirudi na wavu wake wa kuhifadhia samaki ukiwa mtupu, akasema ni upepo.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alimwambia Beryl, "Nikitoka mikono mitupu kesho, narudisha kadi ya klabu."

"Waambie tu, bata wangu," Beryl akasema. Kwetu kila mtu ni bata wa mwenzake, na siku hiyo alilisema kwa upole kuliko kawaida.

"Niwaambie ili wanishike mkono kama bibi harusi? Wanione huruma, wale? Bora nikae nyumbani."

"Kiburi hicho kitakuzika kabla ya macho."

Clem akaenda kulala. Usiku ule hakutunga tusi lolote.

Asubuhi Beryl alimpeleka kwa gari hadi kwenye lango la malisho. Wakapiga kura ya vigingi kutoka kwenye kofia ya Trevor, katibu wa klabu, kijana wa miaka hamsini mwenye filimbi shingoni na mizani mkononi. Kigingi cha Clem kikaangukia jirani na cha Sid. Clem alitamani kiangukie popote pengine. Mtu akishindwa, angalau ashindwe mbali na ulimi ule.

Filimbi ikalia. Mikono yake haikuwa na shida. Funza alimvalisha ndoana kwa kupapasa, mshipi akautupa pale pale alipotaka kwa mazoea. Kiboya kilitua, alikisikia kikitua, kisha kikapotea ndani ya lile doa la kijivu. Akageuza kichwa akijaribu kukinasa kwa pembe ya jicho. Hakipo. Akakaa hivyo muda mrefu.

"We Clem!" Sid akapaza sauti kutoka kwenye kigingi chake. "Umelala au umekufa?"

Clem akavuta ufito kwa hasira tu, ili aonekane anafanya kitu. Kitu kikavuta nacho. Samaki. Mmoja wa wale wa mapezi mekundu, mzito wa kutosha, anaruka kiganjani. Clem akamtia wavuni, akashukuru bahati.

Akatupa tena. Kimya. Bata maji wakapita.

"Hilo sweta, Clem, ulimvua maiti gani?"

Akavuta. Samaki.

Mara ya tatu akavuta bila kutukanwa, akapata maji matupu. Akatupa tena, akasubiri, ufito umetulia mikononi.

"Unakumbuka lile banda la njiwa ulilojenga? Njiwa wenyewe walihama!"

Akavuta. Samaki, tena mpana, wa rangi ya shaba.

Clem akakaa na samaki yule mapajani, hawezi hata kumtoa ndoana. Kwanza aliona haya, haya ya kuvuliwa nguo hadharani, maana Sid anajua, na kila tusi lake ni kiboya kimezama. Kisha akakasirika. Kisha akafurahi, akafurahi hadi pua ikaanza kumchuruzika, akaifuta kwa kiganja chenye magamba.

Siku nzima ikaenda hivyo. Wenzao hawakushtuka, maana ni lini Sid alinyamaza? Lakini matusi ya leo yalimwishia mapema, ikabidi afukue ya zamani. Akafukua siku Clem alipomimina chuma kwenye kiatu cha msimamizi. Akafukua safari ya ufukweni Blackpool, basi lilipomsahau Clem chooni. Akafukua Walter Gadsby, aliyekuwa anaimba huku anavua hadi wakamfukuza, na mazishi ya Walter yalikuwa zamani sana. Kila tusi lilikuja na mwaka wake na watu wake. Clem alivuta na kucheka, akavuta na kucheka, na kwa saa kadhaa ukingo ule ulijaa kama zamani.

Filimbi ya mwisho ikalia. Trevor akaja na mizani, wenzake nyuma yake, kama desturi. Akaanza na Sid.

"Hamna kitu?" Trevor alishangaa. "Sid? Hata funza hujatumia, kopo limejaa vilevile."

"Nilikuwa na mawazo," Sid akajibu.

Clem aliyasikia hayo akiwa ameshika mdomo wa wavu wake. Mtu ambaye hajawahi kutoka mtupu tangu Clem amjue alikuwa amesimama pale mbele ya klabu nzima na wavu wa hewa. Trevor akaunyanyua wavu wa Clem, akaguna kwa uzito.

"Mzee, leo kombe ni lako. Ngoja nipime."

Hapo Clem angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Angerudi nyumbani na kombe, na Jumapili ijayo, na nyingine, Sid angeendelea kutukana na yeye kuvuta.

"Usipime," akasema.

"Unasemaje?"

"Sioni kiboya, Trevor. Tangu mwezi wa sita sioni kiboya, na sura yako siioni. Kila samaki aliyemo humo Sid ndiye aliyeniambia avutwe."

Watu wakamgeukia Sid. Sid akalipuka.

"Mpumbavu wewe! Nimekauka koo tangu asubuhi! Nani kakutuma useme?"

"Ulijuaje?" Clem akamuuliza.

"Siku ya kufungua msimu ulikosa samaki watatu wazi kabisa, na hukutukana hata mara moja. Clem Wheatcroft akose samaki asitukane! Nilidhani unaumwa. Ndipo nikaona unageuza kichwa kama kuku."

Trevor alikohoa. Akasema pole pole kwamba hajui la kufanya, na kwamba mlinzi wa kanuni ni Sid, basi Sid aseme. Sid akavua kofia, akaivaa tena.

"Kanuni iko wazi. Samaki wa Clem hawapimwi."

"Na aliyesaidia?" mmoja akauliza.

"Haisemi kitu juu ya aliyesaidia. Walioiandika hawakufikiria kwamba atatokea mjinga wa kiasi hicho." Akatazama mizani ya Trevor. "Lakini kanuni ni ya mizani. Asiyepimwa anaweza kuvua na kusaidiwa hadi apasuke. Jumapili ijayo Clem hapimwi. Na mimi sipimwi."

"Wewe una nini na hili?" Clem akasema. "Wewe unapenda mizani kuliko mkeo."

"Nimeichoka."

Uongo mtupu, na kila mtu pale alijua ni uongo. Clem alitaka kusema ahsante, lakini neno hilo kwa miaka arobaini hawakuwahi kulitumia. Trevor akawaongoza wengine kwenye kigingi kinachofuata, wala hakuna aliyemshika Clem mkono.

Ilibaki kuwarudisha samaki mtoni wakiwa hai, kama klabu ilivyofanya siku zote. Clem akapiga magoti kwenye tope, akauzamisha mdomo wa wavu majini kama inavyotakiwa, taratibu, akauinamisha. Sid akaja akachuchumaa kando yake, magoti yakilia. Clem aliusikia wavu ukipungua uzito mikononi, ukipungua, hadi ukawa si kitu.

"Wamekwenda?"

"Ngoja. Bado mmoja." Maji yakachapwa mara moja. "Sasa wamekwenda."

"Walikuwaje, Sid?"

Sid hakuwahi kumsifia Clem samaki, hata yule aliyempatia kombe la kiwanda. Alitazama maji yale safi, baridi, akatazama mpaka chini.

"Wazuri," akasema. "Mmoja mpana kama sahani, mgongo wa shaba, amesimama hapa miguuni petu, hataki kuondoka. Ngoja nikuambie akiondoka."