Siku Simu ya Baba Iliposoma

Mpaka leo nikiwa peke yangu, nafua au nachambua mchele, ile siku ikinijia najikuta nimefunika uso kwa kanga, na hakuna hata mtu anayenitazama. Aibu nyingine mtu anaizoea. Hii sijaizoea. Nawasimulia kwa sababu najua mmeshasikia vipande vipande huko sokoni Karatu, na ni afadhali mkisikie kisa chote kutoka kwangu.

Sisi nyumbani kwetu Qurus tulikuwa na akaunti moja ya simu, nyumba nzima. Kaka yetu Boay, yule anayeendesha gari la watalii kushuka kreta kutazama wanyama, ndiye aliyetangulia kununua simu ya kupangusa, akafungua akaunti, na kila aliyepata simu baada yake, Baba, Mama, mimi, na mdogo wetu Vero, akaingizwa humo humo kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwepo. Tukaishi hivyo miaka, kama watu wanaolala kitanda kimoja. Picha za fisi na vifaru alizopiga Boay kazini zinajaa kwenye simu ya Baba, Mama akifuta namba kwa bahati mbaya inafutika kwa wote, na mimi siku moja nimetafuta dawa ya ndevu za kidevuni (ndiyo, zipo, msinitazame hivyo), kesho yake Boay ananiuliza mbele ya chakula kama nimeipata.

Mimi niko mapokezi kwenye lodji moja hapo Karatu, na kwa kuwa nashinda mbele ya kompyuta, nyumbani wananihesabu mtaalamu, na sikuwahi kuwakatalia. Basi nikaamua kuwatenganisha. Kila mtu awe na akaunti yake, halafu zote ziunganishwe kwenye kundi moja la familia, ili mtu akipoteza simu wenzake wamsaidie. Nikakusanya simu zote sebuleni Jumapili moja baada ya ibada, nikakaa nazo mapajani kama mganga. Ya Baba nikaiwekea na sauti ya kumsomea kila kinachoingia, maana macho yake yana mtoto wa jicho na herufi hazioni tena. Baba alifurahi. Alikuwa akiishika ile simu na kucheka kila ikitamka jina lake vibaya.

Sasa, katika kuziunganisha, simu ikaniuliza kama kalenda iwe ya kila mtu mwenyewe au iwe ya familia. Na wakati huo tulikuwa na ugeni njiani, watu wa Endamarariek walikuwa wanakuja kumposa Vero, na Boay ana tabia ya kusahau mambo ya nyumbani akiwa na wageni wake. Nikasema niandike siku ya posa mara moja tu imfikie kila mtu. Nikabonyeza ya familia, kwa simu zote, nikajiambia nitairudisha baadaye. Sikuirudisha, wala sikumwambia mtu. Nilichowaambia wakati nawakabidhi simu zao ni kwamba kuanzia leo cha mtu ni cha mtu, hakuna tena wa kuchungulia. Nilisema kwa majivuno kabisa.

Siku ya posa ikafika, Jumapili nyingine. Kuku walichinjwa, viti vikaazimwa kanisani, Vero akakaa chumbani na binamu zake kama inavyotakiwa, na wageni wakajaa sebule: mshenga wao, mzee mmoja mpole mwenye koti la sufu, baba wa kijana, shangazi zake wawili, na wengine. Mama alikaa pembeni ya Baba amevaa kitenge kipya. Alikuwa amekonda kidogo, lakini nilidhani ni shughuli, na safari zake za Arusha za kumwona mamdogo. Maneno yalikwenda vizuri, mshenga alizungumza taratibu, Baba akajibu taratibu, wakaelewana, ikawa sasa ni kula. Mimi nikapiga magoti mbele ya mshenga na jagi la maji ya kunawa.

Simu zikalia. Yangu kiunoni, ya Mama kwenye mkoba, ya Boay mfukoni pale mlangoni aliposimama, ya Vero huko chumbani, zote kwa pamoja, na ya Baba, iliyokuwa mezani kati ya sahani, ikaanza kusoma kwa ile sauti ya mwanamke anayetamka Kiswahili kama mtalii.

"Kumbusho. Kesho, Jumatatu. Kumpeleka Mama kliniki ya saratani. Asile kitu asubuhi."

Ninachokumbuka ni maji. Niliendelea kumimina, beseni likajaa, yakamwagika kwenye viatu vya mshenga na yeye hakuondoa miguu. Kisha nikaliachia jagi na kuirukia ile simu niizime, na mimi mtaalamu nikasahau kwamba simu ikiwa imewekwa hivyo, ukiigusa inakusomea unachogusa. Ikasoma tena. Nikagusa kwingine, ikaanza upya, "Kumpeleka Mama kliniki ya saratani," na shangazi mmoja akaweka mkono mdomoni. Mwishowe nikaikalia. Niliikalia, mbele ya wakwe, ikaendelea kusema chini yangu mpaka ikamaliza.

Baba akamgeukia Mama. Hakumuona vizuri, ila aligeuka.

"Mama Boay, ni wewe?"

"Ni mimi," Mama akasema.

Baada ya hapo walizungumza Kiiraqw, lugha ya kwetu, chini chini, kama hakuna mtu mwingine mle ndani. Mama alimwambia alikuwa amepanga kumweleza wakishamaliza jambo la Vero. Alimwambia ni ziwa la kushoto. Kumbe zile safari za Arusha kwenda kumwona mamdogo hazikuwa za mamdogo, Boay alikuwa anampeleka hospitali kila akienda kuchukua wageni, na ni yeye peke yake aliyeambiwa kwa kuwa ndiye mwenye gari. Vero akatoka chumbani bila kuitwa, jambo ambalo msichana anayeposwa halifanyi, akaenda kukaa sakafuni miguuni kwa Mama. Mshenga akasimama na viatu vyake vilivyolowa, akaomba wao waondoke watupe nafasi. Chakula hakikuguswa.

Boay alinifuata uani nilikokuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji. Nilitegemea anipigie kelele. Hakupiga.

"Ningeweza kukumbuka kichwani," akasema. "Niliandika kwa sababu ulisema ni yangu peke yangu."

Nikamweleza pale pale kuhusu kalenda niliyoiacha iwe ya familia.

Kesho yake walikwenda kliniki, na Baba akakataa kubaki. Tangu hapo kila safari anakwenda, anakaa nje kwenye benchi haoni kitu, lakini yupo. Dawa zinamchosha Mama, nywele zimekwisha, siku nyingine anaamka na kupalilia maharage kama zamani na siku nyingine haamki. Watu wa Endamarariek walituma ujumbe wa heshima kwamba jambo lingoje kwanza. Baadaye tukasikia shangazi wamesema ugonjwa ule unateremka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kijana mwenyewe bado anampigia Vero, ila watu wa kwao hawajarudi. Vero hajanitukana. Aliniambia tu kwamba alitaka kusikia kutoka kwa Mama mwenyewe, na tangu siku ile ananijibu kwa maneno mafupi.

Mama ndiye aliyeniita juzijuzi, akanipa simu yake.

"Paska, mwanangu, nitoe kwenye hilo kundi lenu."

Nikamwambia akitoka hatutajua tena tarehe zake za hospitali. Akasema ndiyo, anajua. Nikamtoa. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili tu.

Simu ya mtu sitaishika tena, hata akiniomba nimwongezee mwanga. Na nikitaka kujua Mama ameamkaje, nampigia na kumuuliza, akisema salama naipokea hiyo salama kama alivyoitoa, siulizi ya pili.